Gobori la Kusini: Risasi Moja, Uamuzi Mmoja

Wenzangu mnaochipukia katika uandishi, nina ugomvi mdogo nanyi. Kila nikisoma hadithi zetu zinazohusu vita vya Maji Maji au wawindaji wa zamani, namkuta shujaa kabeba gobori begani. Hapo sina neno. Lakini ukifika ukurasa wa mapambano, shujaa huyo anafyatua mara sita mfululizo, anaangusha maadui sita, halafu anafuta jasho. Ebo! Gobori gani hilo? Hiyo ni rashasha iliyovalishwa kaniki.

Mimi ni mtoto wa Nachingwea. Nimemaliza kidato cha nne, sina cheti kingine cha kujivunia, ila ninayo madaftari mawili ya riwaya ambayo bado haijapata mwisho. Riwaya hiyo inamhusu mwindaji wa Kimwera wa mwaka 1905, na kwa ajili yake imenibidi nijifunze jambo ambalo halikuwamo katika muhtasari wa somo lolote darasani: mtu mwenye gobori alichaguaje risasi yake, na alipimaje baruti? Swali lenyewe linaonekana dogo, la mafundi na wazee wa porini. Kumbe ndani yake imekaa historia nzima ya kusini: biashara ya pembe, sheria za wakoloni, njaa, na hata yale maji ya Kinjikitile. Ndiyo maana nimeamua tulizungumze hapa, kwenye kijiwe chetu cha karatasi.

Bunduki inayolishwa kwa mdomo

Gobori, au gobole kama wengi wanavyolitamka, ni bunduki inayolishwa kwa mdomo. Huifungui kwa nyuma ukachomeka risasi. Unamimina baruti mtutuni, unatia tambara au nyuzi za gome, unashindilia kwa mdeki. Kisha unatia risasi, unashindilia tena, na mwisho unaweka fataki kwenye kichuchu cha chuma kilicho nyuma ya mtutu. Nyundo ikigonga fataki, cheche inapita kwenye tundu dogo na kuiwasha baruti. Moshi mweupe unatanda mbele yako kama pazia, na harufu yake ni ya yai viza, kwa sababu ndani ya baruti hiyo mna kiberiti, pamoja na shura na makaa.

Kabla ya fataki kulikuwa na gumegume, yaani jiwe lililogonga chuma likatoa cheche. Fataki ilitokana na kazi ya mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, mpenda kuwinda ndege, aliyepata hataza mwaka 1807 ya kuwasha bunduki kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Vikofia vidogo vya shaba tunavyoviita fataki vilienea Ulaya kuanzia miaka ya 1820. Huku kwetu aina hizo mbili, ya gumegume na ya fataki, ziliishi pamoja kwa muda mrefu.

Sasa angalia muda. Askari wa Ulaya aliyefunzwa, mwenye baruti iliyokwisha kupimwa na kufungwa katika karatasi, aliweza kufyatua mara mbili au tatu kwa dakika. Mwindaji wetu mwenye pembe ya baruti na mfuko wa ngozi, amechuchumaa kwenye nyasi ndefu, alihitaji muda zaidi. Na lipo jambo kubwa kuliko muda: ukishashindilia, umekwisha kuamua. Ukitia marisaa ya kupigia kanga halafu akatokea nyati, huna njia ya kugeuza nia. Ama ufyatue yale uliyoyatia, ama uyachokonoe kwa ncha ya chuma polepole, na nyati hana desturi ya kumsubiri mtu.

Mnyama ndiye anayechagua

Yupo mzee mmoja upande wa Ruangwa ambaye zamani alikuwa na gobori lenye kibali, akilinda nalo shamba. Bunduki yenyewe alishaisalimisha polisi miaka mingi iliyopita, ila maneno yake hayakusalimishwa. Nilikwenda kumwona na daftari langu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuniuliza habari za pesa au za mchumba?"

"Za bunduki, babu. Mlikuwa mnachaguaje risasi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia sisi tulichagua? Mnyama ndiye anayechagua. Wewe unamtii tu."

Baadaye akanieleza taratibu, kama mama anavyomweleza binti mapishi. Kwa kanga na kwale unatia marisaa, yaani vipande vidogo vingi, na baruti ya kiasi. Ukizidisha baruti marisaa yanatawanyika ovyo, ndege anapita katikati akiwa mzima. Kwa nguruwe pori na nyani unatia risasi moja ya duara. Kwa mnyama mkubwa unatia risasi nzito na ngumu, na baruti ya kutosha, "halafu unamwomba Mungu na bega lako."

Niliporudi nyumbani nikachukua penseli na hesabu za kidato cha pili, na hesabu zikamuunga mkono mzee. Uzito wa mpira wa risasi haupandi sawasawa na upana wake. Mpira wa madini ya risasi wenye kipenyo cha milimita 12 una uzito wa gramu 10 hivi. Ukiongeza kipenyo kufika milimita 18.5, ambayo ni kama mara moja na nusu tu, uzito unafika karibu gramu 38. Ndiyo sababu Waingereza walipima bunduki zao kwa kuhesabu mipira: ratili moja ya risasi, ambayo ni gramu 454, inatoa mipira mingapi inayotosha kwenye mtutu huo? Ikitoa 12, bunduki hiyo ni namba 12. Ikitoa minne tu, ni namba 4, na kila mpira una gramu 113. Namba inavyopungua, bunduki inakuwa kubwa. Mwandishi asiyelijua hilo anaweza kumpa shujaa wake bunduki ya kuwindia ndege akidhani amempa mzinga.

Na baruti je? Kanuni ya wawindaji wa zamani wa Ulaya na Marekani ilikuwa hivi: weka risasi katikati ya kiganja, mimina baruti juu yake mpaka ifunikwe isionekane, hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Nilipomtajia mzee wangu akanyanyua nyusi. Alisema yeye alitumia kifuniko, kila siku kifuniko kile kile, maana mkono wa mtu hubadilika, siku una njaa, siku una hofu. Naona mzee yuko sahihi zaidi. Bunduki hii inaheshimu kipimo kisichobadilika.

Risasi, chuma na mtu aitwaye Selous

Kuna jambo la madini pia. Risasi ni laini, inayeyuka kwenye moto wa kawaida, na unaweza kuimimina mwenyewe kwenye kalibu. Ni nzito, kwa hiyo inakwenda mbali bila kuchoka upesi. Ubaya wake ni kwamba ikigonga mfupa mnene au ngozi ya tembo inabonyea kabla haijazama. Wawindaji wa Kizungu waliiongezea bati au zinki ili iwe ngumu. Wawindaji wasiokuwa na risasi walitumia chuma kilichofuliwa na mhunzi. Chuma hakibonyei, lakini ni chepesi: mpira wa chuma una uzito wa kama asilimia 70 tu ya mpira wa risasi wenye ukubwa huo huo, na isitoshe unaukwangua mtutu kwa ndani. Kila chaguo na madhara yake.

Kwa upande wa kusini, wanaotajwa sana katika uwindaji wa tembo kwa gobori ni Wamakua. Karne ya 19 wawindaji wa Kimakua walifika hata Unyamwezi, mbali na kwao, wakiwa na bunduki zao na ufundi wao. Mtu asituambie kwamba ujuzi wa bunduki uliletwa na mkoloni. Aliukuta.

Nitoe mfano mwingine, ambao jina lake limebandikwa kwenye pori la jirani zetu wa Liwale. Frederick Courteney Selous alifika Afrika ya kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19, na tembo wake wa mwanzo aliwawinda kwa magobori namba 4, ya bei rahisi. Risasi moja ilikuwa robo ratili. Baruti ilikuwa kama gramu 35 kwa kila mshindo. Siku moja, baada ya fataki kugoma, bunduki yake ilishindiliwa mara ya pili juu ya baruti iliyokuwamo, na ilipolipuka ilimtupa chini kama gunia. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba bunduki zile zilimwharibia mishipa ya fahamu. Kwa hiyo hata huyo mwindaji maarufu bega lake lilionja gobori. Aliuawa tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, katika Vita Kuu ya Kwanza, na pori likapewa jina lake mwaka 1922. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Uchaguzi uliofanyika Brussels

Mpaka hapa msomaji utadhani mambo yote yalikuwa mikononi mwa mwindaji. La hasha! Uchaguzi mkubwa kuliko wote ulifanywa na watu ambao hawakupata kuiona Ruangwa.

Katikati ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalianza kuyatupa magobori na kuchukua bunduki zinazofunguliwa nyuma. Uingereza, kwa mfano, ilianza mwaka 1866 kuzigeuza bunduki zake za Enfield ziwe za kulishwa kwa nyuma. Bunduki kuukuu zikawa takataka huko, na bidhaa huku. Zilishushwa Unguja, zikavushwa kwenda bandari za mrima kama Kilwa, Lindi na Mikindani, na misafara ikazipeleka bara na kurudi na pembe, na watumwa pia, tusifiche. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia barani kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Si mchezo.

Mabwana wa Ulaya wakashtuka. Tarehe 2 Julai 1890 walitia sahihi mkataba wa Brussels. Tunafundishwa kwamba mkataba ule ulihusu kukomesha biashara ya utumwa, na ni kweli. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya bunduki. Silaha za kisasa, hasa zenye mifereji ndani ya mtutu, zilipigwa marufuku kuuzwa katika eneo kubwa la Afrika. Zilizoweza kuruhusiwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Ili uone uzito wa neno "mifereji", sikiliza. Mtutu usio na mifereji unarusha mpira unaogongagonga kuta wakati wa kutoka. Hata ukiufunga tambara vizuri, ukivuka mita mia moja unabahatisha. Mtutu wenye mifereji unaizungusha risasi kama pia, ikatulia hewani. Kwa miaka mingi tatizo lilikuwa kushindilia, kwa sababu risasi iliyobana mifereji ilichelewa kuingia. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié akaja na risasi yenye ncha na kitako chenye uwazi: inaingia kirahisi ikiwa ndogo, baruti ikilipuka kitako kinatanuka na kuikamata mifereji. Enfield ya mwaka 1853 ilitumia risasi ya namna hiyo, kama gramu 34, kwa baruti ya gramu nne na nusu tu. Linganisha na zile gramu 35 za Selous! Bunduki hiyo ilimfikia mtu aliye mita mia kadhaa.

Sasa naomba tuusome mkataba kwa macho ya mwindaji. Mimi naona ulimwambia hivi: tunakuachia bunduki inayoweza kumpata kanga na nguruwe, tunakunyima ile inayoweza kumpata askari. Risasi ya duara ya babu zetu haikuwa ushamba wao. Ilikuwa mstari kwenye karatasi.

Maji na baruti

Nimefika penye kiini cha riwaya yangu.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kusambaa. Mwezi ule ule wa Agosti boma la Liwale lilianguka, na misheni za Nyangao na Lukuledi, hapa hapa jirani zetu, zikachomwa. Wamwera walikuwemo. Dawa ilisemwa itazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji.

Vijana wengi wa mjini, na hata baadhi ya walimu, wakifika hapo hucheka. Eti wazee waliamini upuuzi. Mimi nilipojifunza gobori niliacha kuisikiliza kicheko hicho. Fikiri pamoja nami. Baruti nyeusi inanyonya unyevu. Huku kusini mvua zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na wakati ndiyo huo mahindi yanakomaa na nguruwe wanaingia mashambani. Yaani majira yenyewe ambayo mkulima anaihitaji bunduki kuliko majira yote ndiyo majira ambayo baruti inamsaliti. Fataki inalia "ta!", halafu kimya. Au baruti inaungua kwa uvivu, risasi inadondoka hatua chache mbele kama embe bovu. Kila mwenye gobori aliliona jambo hilo kwa macho yake, masika baada ya masika. Maji kuishinda bunduki haikuwa ndoto kwake. Lilikuwa jambo la kila mwaka.

Hii ni fikra yangu mimi, sijaikuta kwa mwanahistoria yeyote, na dini ya Kinjikitile ilikuwa na mizizi mingi zaidi ya hiyo. Lakini nadhani mtu aliyezoea baruti ya kumimina hakuwa mjinga alipoyaamini maji. Alichokosa kujua ni kwamba risasi ya askari ilikuwa imefungwa ndani ya ganda la shaba, baruti na fataki yake pamoja, maji hayaingii. Na nyuma ya askari kulikuwa na bombomu, bunduki ya Maxim, inayotema risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Katika dakika hiyo mwenzetu bado anatafuta mdeki.

Wajerumani walikadiria watu 75,000 walikufa. Marehemu Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyewahoji wazee waliokuwa hai, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi.

Baada ya vita: nguruwe

Hapa ndipo historia zetu nyingi huishia, na hapa ndipo mimi naona sura mpya ya riwaya inaanza. Maana baada ya vita bunduki zilidaiwa. Kijiji kilichotaka amani kilitakiwa kutoa silaha. Na hata kabla ya vita gavana Wissmann alikwisha kutoa sheria ya wanyama mwaka 1896, iliyofanya uwindaji uwe wa vibali.

Sasa mkulima asiye na gobori anafanya nini usiku, nguruwe wakiingia kwenye mihogo? Anapiga debe. Anawasha moto. Anakesha kwenye dungu na watoto wake. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, ameonyesha jinsi nguruwe pori na njaa vilivyofungamana na vita vile, na jinsi mzigo wa kulinda mashamba ulivyowaangukia wanawake pindi wanaume walipoondolewa vijijini. Kabla yake, mwaka 1977, Helge Kjekshus alieleza kwamba ukoloni ulivunja uwezo wa watu kuitawala mazingira yao: watu walipungua, vichaka vikarudi, mbung'o wakarudi na vichaka. Huku kwetu kusini palipokuwa na watu pakawa na miti. Katika miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha Wangindo wengi kutoka magharibi ya Liwale, sababu ikiwa malale, na pori la Selous likatanuka juu ya mahame yao. Leo mtalii anaambiwa hilo ni pori la asili, lisilowahi kuguswa. Chini ya majani mna mafiga.

Nachingwea yenyewe ikaonja bunduki za namna nyingine. Kuanzia mwaka 1965 FRELIMO walikuwa na kambi yao ya mafunzo hapa, na vijana wa Msumbiji walijifunzia silaha za kisasa mpaka nchi yao ilipopata uhuru 1975. Nafurahi kwamba wilaya yetu iliisaidia kazi hiyo. Ila ninapoandika huwa nawaona wawili hao wakipishana njiani: kijana mwenye bunduki ya kukomboa nchi, na mkulima mwenye gobori la kukomboa mihogo.

Jangili ni nani?

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Siombi magobori yarudi. Pori la Selous lilikadiriwa kuwa na tembo kama 109,000 mwaka 1976. Hesabu ya 2013 katika Selous na Mikumi ilipata kama 13,000 tu. Serikali ilifanya Operesheni Uhai mwaka 1989, na Operesheni Tokomeza mwaka 2013. Biashara ya pembe ilikuwa na matajiri na bunduki kubwa za kisasa, lakini magobori nayo yalikuwemo, tusijidanganye. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha inakataza kumiliki au kutengeneza bunduki bila kibali, na mara kadhaa umetolewa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Tena gobori la kienyeji lililotengenezwa kwa bomba ni adui wa mwenyewe kwanza. Mtu akitia humo baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile iliyovumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, mgandamizo unapanda kuliko bomba linavyoweza kustahimili. Mtutu unapasuka. Kinachopotea ni vidole, jicho, au mtu mzima.

Hata hivyo neno "jangili" limekuwa blanketi kubwa mno. Linamfunika mwenye kuuza pembe ng'ambo na mwenye kumvizia nguruwe aliyekula akiba ya wanawe, wote wawili wakalala kitanda kimoja. Nilimuuliza mzee wangu kama alijuta kulisalimisha gobori lake. Alinyamaza kidogo.

"Nililipeleka mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nimezeeka, mkono unatetemeka, na mtoto angelichukua angefanya nalo mambo. Sijutii chuma. Lakini mjukuu wangu, nguruwe hawakusalimisha meno yao."

Siku hizi huko kwao wanakesha kwa madebe na mbwa. Mbaazi, mihogo na mahindi yanaliwa kama kawaida. Hapo sipo mahali pa kutoa hukumu, mimi ni mwandishi tu anayechipukia, ila naona aliyemnyang'anya mtu ngao anapaswa kumwonyesha ngao nyingine. Na naona pia kwamba wazee wanaojua kipimo cha kifuniko wanapungua kila mwaka, na hawakuandika.

Kwa hiyo, wenzangu, kazi ni yetu. Mkimpa shujaa gobori, mpeni na pembe ya baruti, na mdeki, na wasiwasi wa mvua. Aamue kabla hajatoka nyumbani kama leo ni siku ya kanga au ya nguruwe, na maisha yamjie na kitu cha tatu. Akifyatua, moshi umzibe macho, asijue kama amepiga mpaka utawanyike; msomaji naye asijue. Akirudi nyumbani aoshe mtutu kwa maji ya moto, maana masizi ya baruti yanakula chuma usiku mmoja. Na mkienda kuwauliza wazee, nendeni na daftari, na sukari kidogo, na muda wa kutosha. Mzee wa gobori hajibu harakaharaka. Anashindilia kwanza.